Jinsi damu ya ng'ombe wa mahari ilivyotaka kuvunja ndoa ya kaka yangu kule Geita

Wakuu, shikamooni mlionitangulia. Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Juzi kuna kijana kaanzisha uzi humu analalamika kwamba utafiti haulipi, data ni chafu, supervisor hajibu email, na hiyo bioinformatics aliyoisomea imemfanya awe mtu wa kukodolea laptop tu. Nimesoma comments zote. Wengi mmempa pole.

Mimi nimekaa hapa kwangu Kambarage na chai yangu, nikasema huyu simpi pole. Nampa kisa.

Ni kisa changu mwenyewe. Majina nimebadilisha, maana watu wale wana wajukuu, na wajukuu wana simu. Mengine ni kama yalivyokuwa, na pale kumbukumbu inapofifia nitasema.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nimetoka chuo na diploma yangu ya mifugo, msichana mwembamba (cheka tu), nikapangiwa kituo cha utafiti nje kidogo ya mji wa Shinyanga.

Maabara ilikuwa chumba kimoja. Darubini, friji ya mafuta ya taa, na jenereta yenye hasira za bure. Sabuni ya kuoshea vichupa vya damu tulipanga foleni dukani na akina mama wengine, na ukifika dirishani inakuwa imekwisha.

Lakini wakuu, nisiwadanganye, sijawahi kuwa na furaha kazini kama miaka ile. Asubuhi nikivaa lile koti jeupe nilijiona nimeolewa na sayansi.

Bosi wetu nitamwita Dokta Sefu. Mtu wa Tanga, mweupe wa moyo, Ijumaa lazima kofia na kanzu. Alikwenda Ulaya kusomea urithi wa wanyama akarudi, wakati wenzake wengi walibaki hukohuko. Kisukuma chake kilikuwa "mwangaluka" tu, salamu ya asubuhi, na aliitoa hata jua likizama. Watu walicheka, wakamjibu, wakampenda.

Dokta alikuwa na imani moja. Huku kwetu, ukielekea Geita, mapori yalijaa mbung'o. Ng'ombe akiumwa na mbung'o anakonda, anachoka, anakufa. Lakini kuna wachache wanaumwa kila siku na hawafi. Dokta aliamini hiyo nguvu inarithiwa kwa mama. Akitaka kuthibitisha, alihitaji ukoo: bibi, binti, mjukuu, wote wapimwe.

Leo mnaita pedigree, mnaichora kwa programu. Sisi tuliichora ukutani kwa chaki.

Sasa nyumbani kwetu, upande wa Geita, alikuwepo ng'ombe anaitwa Mbula. Mbula kwa Kisukuma ni mvua. Baba alihamia kule kutoka Shinyanga akitafuta malisho, mbung'o wakammalizia zizi zima, Mbula akabaki anacheua kana kwamba hajasikia habari. Kuanzia hapo kila mtu alitaka mtoto wa Mbula. Ukiwa na binti wa kuoza, ukaletewa mtoto wa Mbula kwenye mahari, unatembea kifua mbele.

Nilipomsimulia Dokta, hakumaliza chai yake. Akasema, "Binti, huyo ndiye bibi yetu. Tutafute uzao wake wote."

Rahisi kusema!

Wakuu mnaotoka kwetu mnajua. Msukuma humuulizi ana ng'ombe wangapi. Kwanza ni mkosi kuwahesabu. Pili, anayeuliza huwa ni mtu wa kodi. Tatu, wale unaowaona zizini nusu si wake, wamewekwa na rafiki, na wake wamewekwa kwa rafiki mwingine, ili maradhi yakija yasimfilisi. Tulizunguka na Land Rover wiki nzima, kila zizi tunaambiwa, "Hawa? Hawa ni wa watu."

Dokta alikaribia kulia.

Ndipo nikamwambia tuache kuuliza ng'ombe, tuulize harusi. Watoto wa Mbula wametoka kwa mahari. Mwanamke hasahau ng'ombe aliyemtoa kwao.

Weee! Ilikuwa kama kufungua bomba. Dokta akiingia kwenye mji wa watu, mwangaluka yake ya saa tisa alasiri, anakaa kwenye kigoda, anauliza, "Mayu," yaani mama, neno lake la pili la Kisukuma, nililomfundisha mimi, "uliolewa na ng'ombe gani?" Akina mama wanaangua kicheko, kisha wanamtajia mmoja mmoja. Rangi, pembe, tabia, yupi alikuwa na teke, yupi alizaa nini na huyo aliyezaliwa akamuoa nani. Ukoo wa Mbula ukajaa ukutani kwetu mpaka tukahamia ukuta wa pili.

Miaka hiyo ukitoka Shinyanga unapita Kahama, unakunywa chai Nyasubi, kisha unaingia porini. Pale Buzwagi wanapochimba sasa hivi hapakuwa na mgodi, ni miti na mbung'o tu, tulipandisha vioo na joto lote lile. Vichupa vya damu nilivipakata mimi kwenye kasha la barafu. Barabara ilikuwa mashimo, mgongo huu mnaoniona nao uliharibikia pale.

Na mmojawapo wa watoto wa Mbula alikuwa kwa wakwe zetu.

Kaka yangu Masanja alimuoa Milembe, binti wa Mzee Ngassa. Kwenye mahari, baba yangu, Mungu amrehemu, alitoa ng'ombe mmoja mwekundu, mtoto wa Mbula. Huyo mwekundu alinawiri kwa Ngassa, akazaa, akajaza zizi. Mzee Ngassa alikuwa mtu wa majivuno kidogo, na kwa ng'ombe huyo alijivuna bila breki. Tulipokwenda kumtoa damu aliwaita majirani waje waone ng'ombe wake anavyopimwa na serikali.

Dokta naye alikuwa na kanuni yake moja, hakuivunja hata siku moja. Alisema ukichukua damu ya mtu au ya mnyama wake, lazima urudi umweleze ulichokiona. Si kwa barua. Unarudi mwenyewe, unakaa, unasema. Kwa hiyo alimwahidi Mzee Ngassa, mbele ya majirani, kwamba atarudi na majibu.

Kuna mkuu kaniuliza PM hapa wakati naandika, miaka ile mlipimaje bila DNA. Swali zuri. Kwenye damu ya ng'ombe kuna himoglobini za aina mbili, tuziite A na B. Unaweka tone kwenye karatasi iliyoloweshwa dawa, unapitisha umeme, moja inakimbia, nyingine inajivuta, unaona mistari. Kila mnyama anapewa moja na mama, moja na baba. Basi mama akiwa ana A tupu, mtoto wake lazima awe na A japo moja. Hakuna ujanja.

Mbula alikuwa A tupu.

Yule mwekundu wa Mzee Ngassa akatoka B tupu.

Nilirudia. Dokta akarudia. Jenereta ikazima, tukaiwasha, tukarudia tena. B tupu.

Yaani si mtoto wa Mbula. Hawezi kuwa.

Dokta aliona ukoo wake una tobo. Mimi niliona jingine kabisa. Niliona baba yangu, aliyekwishalala kaburini, ametoa mahari ya uongo. Kwetu mahari ya uongo si jambo la kuombana radhi kwenye simu. Mkwe ana haki ya kumzuia binti yake mpaka aletewe ng'ombe aliyeahidiwa. Na wa kuletwa hakuwepo! Mbula alikuwa mzee, hazai tena, na mabinti zake wote walishatoka kwa mahari za watu wengine.

Masanja na Milembe walikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Walipendana wale, wakuu. Masanja alikuwa anashinda kwenye maduara ya dhahabu, chini huko, na akipata chochote cha kwanza kununua ni kitenge cha Milembe.

Nikamwomba Dokta tusirudi kule. Nilimwambia wazi, "Dokta, huyo mwekundu tumfute tu, tuseme chupa ilivunjika." Alinitazama kwa huruma, hakunifokea. Akasema, "Nikimfuta huyu, na wale wengine waliobaki ukutani ni wa nini? Nitakuwa nimechora ninachokitaka." Kisha akasema tupitie kwanza nyumbani kwetu, nikaongee na mama.

Mama nilimkuta jikoni anasonga ugali. Nilimweleza kwa kuzunguka, mara himoglobini, mara karatasi. Hakuelewa karatasi lakini alielewa neno moja, kwamba mwekundu si wa Mbula.

Aliepua sufuria. Akafuta mikono. Akasema, "Ng'wanone, mwanangu, twende wote."

Akapanda Land Rover kabla yangu.

Tulipofika kwa Mzee Ngassa nilitamani ardhi ipasuke. Mzee amechinja mbuzi! Majirani wamejaa, vigoda vimepangwa, sufuria zinachemka. Alitaka watu wote wasikie kwa mdomo wa daktari kwamba ng'ombe wake ni damu ya Mbula. Milembe naye alikuwepo, alikuja kwao kusaidia kupika, mtoto mgongoni. Aliponiona akapiga kigelegele, "Wifi yangu kaja!"

Nilishindwa kumtazama usoni.

Dokta akasimama, akakohoa, akatoa mwangaluka yake. Kabla hajaendelea mama akamgusa mkono, akapita mbele, akapiga goti mbele ya Ngassa.

"Bhabha Ngassa," akasema, "ng'ombe uliyepewa si mtoto wa Mbula. Mume wangu hakujua. Ni mimi."

Hata waliokuwa wanakata nyama waliacha.

Mama akaeleza. Mwaka aliozaliwa mwekundu, Mbula alizaa ndama mfu. Siku hizohizo ng'ombe mwingine wa pale nyumbani aliumwa na nyoka akafa, akaacha ndama mchanga. Baba alikuwa kwenye dhahabu, hayupo. Mama akamchuna yule ndama mfu, akamvika yatima ile ngozi. Wafugaji mnaijua hii. Mbula akanusa, akaramba, akaachia maziwa. Baba aliporudi akakuta ndama mwekundu chini ya Mbula, akafurahi, akaita watu. "Nikashindwa kumwambia," mama akasema. "Na baadaye akamtaja kwenye mahari ya Milembe. Ningesema, kijana wangu angemkosa huyu msichana."

Hapo ndipo nilipoelewa tumekosea wapi sote. Kwetu ndama anaitwa kwa jina la aliyemnyonyesha. Ukiuliza huyu wa nani, unaambiwa yule anayemkimbilia jioni. Sisi tukaenda kuuliza "mtoto wa nani", tukajibiwa kweli, tukaandika kama damu.

Mzee Ngassa alisimama. Alikuwa mrefu, na siku ile aliongezeka. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha.

"Milembe, weka mtoto chini. Hurudi kule. Waniletee wa Mbula wa kweli, ndipo urudi."

Mama bado kapiga goti. Mimi machozi yananitoka mbele ya bosi.

Sasa, Milembe huyu wakuu. Tangu usichana hakuwa na mdomo wa kuazima. Alimfungua mtoto mgongoni, akampa mwenzake, akaja akasimama katikati.

"Sawa, baba. Nabaki. Lakini tufuate desturi yote, tusichague mnofu. Mke akirudi kwao, ng'ombe wanarudi na uzao wao. Si ndiyo?"

Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo.

"Basi mwekundu arudi. Yule dume aliyeuzwa tukapata mabati haya, arudi. Na yule mtamba aliyemuoa mke wa kaka Kulwa, naye arudi." Akageukia kule kwenye sufuria. "Wifi Sayi, acha mwiko, kafunge mizigo. Umeolewa na ng'ombe wa uongo, na wewe huna ndoa."

Yule Sayi, mwiko mkononi, mimba ya miezi mingi, akasema, "Mimi? Niende wapi na hili tumbo?"

Mtu mmoja akacheka. Akafuata mwingine. Halafu mji mzima, wakuu, wazee wanapigana mapaja. Mzee Ngassa akataka kukaza uso, ukamshinda. Akatazama mabati yake. Akamtazama mkaza mwana wake na tumbo lake. Akakaa.

Alipokaa nami ndipo nilipopumua.

Kicheko kilipotulia akamgeukia Dokta. "Mtaalamu, sasa huyu ng'ombe wangu ni wa nani?"

Dokta angeweza kubabaisha. Wasomi tunajua kubabaisha. Akasema, "Mzee, damu imeniambia si wa Mbula. Haikuniambia ni wa nani."

Mama akajibu akiwa bado chini. "Ni wa yule mweupe. Aliyekufa kwa nyoka. Nilipewa na mama yangu siku naondoka kwetu kuja kuolewa. Mbung'o walimshindwa naye, ila sifa alipewa Mbula."

Wakuu, mimi mwenyewe nilikuwa silijui hilo. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu duniani aliye wake, na si wa baba. Alikufa. Akabaki ndama, ndiye aliyekuwa mali yake yote. Akamvika ngozi ya mtoto wa mwingine, akamtoa amuolee mwanawe mke, na wala hakumwambia mtu. Tulikuja pale tukidhani kuna aliyeibiwa.

Mzee Ngassa alimtazama mama pale chini. Kisha akawaambia wanaopika, "Mnyanyueni mayu. Mpeni chakula, aanze yeye."

Mama akala. Milembe akarudi kwake jioni ileile, mtoto mgongoni, kwenye Land Rover ya serikali.

Njiani nilimtazama Dokta. Nilijua anawaza nini. Ukoo wa Mbula, kazi aliyotaka kuipeleka mkutanoni Dar es Salaam, ulikuwa umekatika. Mbaya zaidi, yule mwekundu na wanawe walikuwa wameishi kwenye mbung'o vizuri kuliko hata mabinti wa kweli wa Mbula.

Tukiwa tunakaribia nyumbani akamuuliza mama, "Mayu, yule mweupe alikuwa anaitwa nani?"

Mama akacheka kidogo. "Hakuwa na jina. Ng'ombe wa mwanamke nani anamwita jina?"

Tuliporudi Shinyanga Dokta akachukua chaki, akamtoa mwekundu kwenye ukoo wa Mbula, akachora mstari mpya pembeni. Juu kabisa, kwa kuwa bibi wa ukoo hakuwa na jina, akaandika jina la mama yangu. Kabula.

Mkutanoni mwaka ule hakwenda. Wenzake walimpita kwa vyeo, na sikumsikia akilalamika. Alinituma kwa wajomba zangu, kule kwa Wasumbwa, alikotoka yule mweupe, nikatafute ndugu zake. Nikawakuta, wapo, wanacheua kwenye mbung'o. Damu zao ndizo zilizonipeleka digrii ya kwanza, kisha ya pili. Nimefundisha mpaka nikastaafu, na kila darasa la urithi nililiambia, kabla hujaamini data, kaulize aliyekuandikia neno "mtoto" alimaanisha nini. Hakuna laptop itakayokuulizia.

Kijana wa juzi, hilo ndilo somo langu kwako. Data si chafu. Ina watu ndani.

Makala ya ukoo huo mpya ilipotoka kwenye jarida, Dokta akanipa nakala nikamsomee mama. Nilimtafsiria mstari kwa mstari: ukoo wa Kabula, ng'ombe wa Kabula, uzao wa Kabula. Alisikiliza amefumba macho. Nilidhani ataona fahari.

Akauliza, "Na Mbula wamemwandika? Maana maziwa yalikuwa yake."

Nikamwambia wamemwandika.

Hawakumwandika wakuu. Hakukuwa na sehemu ya kumwandika. Mama amekwenda zamani akiamini yumo.

Basi nimemwandika mimi leo, hapa. Mbula, ng'ombe wa Geita, alinyonyesha asiye wake.

Wenye visa vya maabara za enzi zile mlete, na wenye ng'ombe wa mahari wasiojulikana wa nani pia karibuni. Nikimaliza kuchemsha chai nyingine nitasoma comment zote.